Gari Hili Kalidhamini Nani?

Gari lililotumika Japani likishushwa melini Mombasa kwa ajili ya mnunuzi wa Kampala, huwa limebakiza safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na sehemu kubwa ya safari hiyo iko katika nchi ambayo gari halitasajiliwa kamwe. Kazi ya watu wengi imesimama juu ya safari hiyo: mawakala wa forodha, kampuni za usafirishaji, madereva wa transiti, wabadilisha fedha wa mpakani. Anayesimulia tarehe yake kwa kawaida huanza na lami, akaja kwenye malori, akamalizia na dereva shupavu wa usiku. Masimulizi hayo yana utamu wake, lakini yamemwacha nje mhusika mkuu. Dai langu ni kwamba magari yapitayo Busia na Tororo yameongozwa siku zote na swali la kikaratasi: kodi ambayo haijalipwa ni ya nani, na gari likipotea njiani ataifidia nani? Jibu la swali hilo lilipobadilika, kazi nayo ilibadilika. Lami mara nyingi ilifuata nyuma.

Milango ni miwili. Njia ya Nakuru na Eldoret huishia Malaba, na ukishavuka uko wilaya ya Tororo. Ile ya Kisumu huishia Busia. Ndani ya Uganda njia hizo hukutana tena kabla ya Bugiri, kisha ni barabara moja hadi Jinja. Hata kiutawala milango hii ni ndugu. Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi 1997, na upande wa Kenya kaunti ya Busia ndiyo yenye Malaba na Busia yenyewe. Mpaka uliletwa huku mwaka 1902, Waingereza walipoumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliokuwa ukifika karibu na Naivasha, wakauunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki. Wasamia wakabaki huku na huku, Wateso vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu mstari huo ulikuwa mpaka wa utawala tu, si wa forodha. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia miaka iliyofuata. Reli ilipopita Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ikafika Kampala 1931, mji ulipata riziki ya njia panda, maana treni za Mbale na Soroti zilichepukia hapo. Baadaye, mwaka 1953, kikaja kiwanda cha saruji. Magari yalikuwepo, ya serikali, ya wamisheni na ya wafanyabiashara wa pamba. Ushuru wake ulilipwa mara moja Mombasa, na fungu la Uganda likasawazishwa vitabuni baadaye. Gari likifika Malaba halikuwa na deni. Kwa sababu hiyo hapakuwa na haja ya wakala wa kulidhamini, wala ya dereva wa kulisindikiza kwa niaba ya mtu, na Tororo haikuishi kwa forodha hata siku moja. Barabara ilikuwapo, mpaka ulikuwapo, magari yalikuwapo. Kazi tunayoisimulia haikuwapo.

Ulioizaa ni mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ilichukua forodha yake, na gari la Uganda likawa mgeni nchini Kenya. Uhusiano ulikuwa umekwisha kuchacha: mwaka mmoja nyuma Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ardhi ya Uganda. Lakini miaka hiyo Waganda wachache mno waliweza kuagiza gari, na mpaka uliishi kwa magendo. Kahawa ilivushwa hadi soko la Chepkube, upande wa Mlima Elgon, baada ya baridi kali ya Brazil kupandisha bei duniani. Busia baiskeli za bodaboda zilibeba abiria na vifurushi kati ya beria mbili, na watu wenye ulemavu walipitisha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu huku maofisa wakifumba jicho. Magari yalikuja kwa wingi baada ya vita vya msituni vya Uganda kwisha mwaka 1986 na biashara kufunguliwa katika miaka ya 1990. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, iliundwa 1991. Ya Kenya, KRA, mwaka 1995. Sasa pande zote mbili kulikuwa na taasisi iliyopimwa kwa fedha inazokusanya, na katikati yake kuna gari lisilolipiwa chochote likitembea kwa magurudumu yake mwenyewe.

Namna jambo hili linavyoendeshwa ndiyo ushahidi mzito kuliko tarehe zote. Karatasi huanza safari kabla ya gurudumu. Mwenye gari humkabidhi wakala hati ya shehena na cheti cha usajili wa Japani kilichofutwa. Wakala huingiza tamko la transiti. Kodi ambayo Kenya ingetoza kama gari lingebaki inakadiriwa, na kiasi hicho kinakatwa kwenye bondi ambayo kampuni ya bima au benki imemwekea wakala. Bondi ina kikomo. Magari yakizidi njiani kikomo hujaa, na wakala hawezi kulitoa jingine bandarini mpaka mpakani wathibitishe kwamba yaliyotangulia yamevuka. Hivyo wakala wa Mombasa mwenye bondi ndogo anaweza kukaa na wateja mlangoni, madereva tayari, mafuta yamelipwa, asiweze kusogeza kitu, kwa sababu tu uthibitisho wa Busia umechelewa. Ofisa wa mpakani naye hashughuliki na uzuri wa gari. Viti bado vina plastiki, redio bado inaonyesha maandishi ya Kijapani. Yeye anafungua boneti au anainua zulia karibu na kiti cha mbele, anafuta vumbi kwa kidole, anasoma namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu dhidi ya karatasi. Gari halina jina jingine mpaka hapo. Na ndiyo maana gari linaogopwa kuliko nguo au mashine. Kontena ni gunia lililoshonwa mdomo, unaweka lakiri mlangoni na umemaliza. Gari ni mbuzi, lina miguu yake, na linaweza kuuzwa soko lolote la njiani.

Ukitaka kujua nguvu ya dhamana, tazama ni magari yapi hayaaminiwi. Kenya hukataa kusajili gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda haikuwa na ukomo mpaka sheria ya mwaka 2018 ilipozuia magari ya miaka 15 na zaidi, ingawa ilikwisha kuyatoza magari makuukuu tozo ya mazingira. Kwa hiyo gari la miaka kumi ni halali Kampala na haramu Nairobi. Mwizi akilibakiza Kenya atatafuta karatasi za uongo kwanza. Linalomtoa mate ni lile changa lenye injini kubwa, linalopata mnunuzi wa Nairobi kwa siku moja. KRA ililijua hilo. Mwaka 2012 ilitaka magari ya transiti yenye injini inayozidi cc 2,000, pamoja na sukari, yawekewe dhamana ya fedha taslimu badala ya bondi ya kawaida. Wafanyabiashara wa Kampala kupitia chama chao cha KACITA walilalamika kwa sauti kubwa, na walikuwa na haki ya hesabu: fedha iliyofungwa Mombasa hainunui gari la pili. Barabara ya Eldoret haikubadilika mwaka huo, wala bei ya dizeli si hoja. Karatasi moja ilitosha kuitikisa biashara.

Atakayenipinga atasema kwamba mageuzi makubwa yamekuwa ya majengo na mitambo. Busia, kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni Februari 2018, na sasa gari liendalo Uganda linapitia maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda tu, badala ya kusimama mara mbili. Mwaka huohuo daraja jipya la Jinja lilifunguliwa, likalipokea zigo la lile la bwawa la Owen Falls la 1954. Sina ubishi na faida hiyo. Lakini ulizia kwa nini jengo liliwezekana. Miaka minne kabla, mwaka 2014, nchi za ukanda huu zilianza Eneo Moja la Forodha: URA ikaweka maofisa Mombasa, na kodi ya Uganda ikaweza kukadiriwa na kulipwa gari likiwa bado bandarini. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikafungua mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa setilaiti. Deni likishajulikana Mombasa na mzigo ukionekana kwenye kioo cha kompyuta, mpakani hapabaki kazi ya kukesha; meza mbili zinaweza kuwa moja. Jengo lilikuja kupokea uamuzi uliokwisha kufanywa kwenye karatasi.

Basi kwa nini dhamana haikufa mwaka 2014? Kodi ya Uganda ikilipwa Mombasa, Kenya bado haijalipwa kitu. Gari likiuzwa Kisumu, stakabadhi ya Kampala haimsaidii mtoza ushuru wa Nairobi. Isitoshe, wauzaji wengi wa Kampala hawataki kulipa mapema. Magari yao huenda hadi maghala ya forodha, yale ambayo kila mtu huyaita bondi, maarufu zaidi yakiwa Nakawa, na kodi hulipwa mteja akishapatikana. Maana yake deni linapita Busia likiwa hai na kuendelea kulala chini ya gari mpaka siku ya mauzo. Ndiyo sababu yadi ya magari Uganda imechukua jina la dhamana, na si la magari.

Wako pia wanaomlaumu dereva: husemwa kwamba hunyonya mafuta, hubadilisha tairi na betri, hupakia abiria. Hayo yanatokea, lakini ni wizi wa vijisenti. Gari zima halipotei kwa ujanja wa dereva peke yake. Lazima karatasi ipigwe muhuri wa kutoka huku gari halijatoka, na muhuri huo hauko mikononi mwake. Uthibitisho ulipohamia kwenye kompyuta, mlango huo ulibanwa kuliko ulivyobanwa na ukaguzi wote wa barabarani. Na mbona magari hayapandishwi yote kwenye malori maalumu, kama Marekani yanavyosafirishwa kati ya majimbo? Sababu ya wazi ni kwamba lori hilo litarudi Mombasa mabega matupu, kwa kuwa Uganda haina magari ya kupeleka pwani, ilhali dereva hurudi kwa basi. Ya pili haisemwi sana: Marekani, gari likivuka kutoka Texas kwenda Ohio halibebi deni la forodha, hivyo kampuni ya usafirishaji inauza mgongo wa lori na bima ya mikwaruzo. Busia inauza jina litakaloaminiwa na mamlaka ya mapato. Dereva ni sehemu rahisi ya bei hiyo. Lori hushinda pale tu gari linapokuwa ghali kiasi kwamba hofu ya mwenye bondi inazidi nauli.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la majanga. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya mwishoni mwa 2007 zilifunga barabara na kung'oa reli Kibera, na Waganda waliopoteza mali walidai fidia kwa miaka. Mwaka 2020, na tena Januari 2022, kupimwa kwa madereva virusi vya korona kulipanga malori makumi ya kilomita kutoka Malaba. Hapo hakuna bondi iliyosaidia, na ninakubali. Lakini hata majanga hayo yalikata watu kwa kufuata dhamana: bondi zilizokwama foleni hazikufungwa, na wakala mdogo alisimama kabla ya barabara kusimama.

Sasa kuna ahadi ya reli. Ile ya zamani, iliyokodishwa kwa kampuni ya RVR mwaka 2006, ilirudi mikononi mwa serikali 2017. Reli ya kisasa ya Kenya imefika Naivasha tangu 2019, na Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa njia ya Tororo. Ikiunganika, behewa moja litabeba magari mengi chini ya mdhamini mmoja, na mamlaka za mapato zitapenda hivyo, maana ni rahisi kumdai mmoja kuliko mia. Tororo itafaidika. Busia, isiyo na reli, itabaki na magari ya watu ambao bondi zao ni ndogo mno kujaza behewa, na hao bado ni wengi.