Tabora, 1916: Makao Makuu Yaliyosahauliwa

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalikuwa Bagamoyo, yakahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na kwamba TANU iliamua mwaka 1973 yapelekwe Dodoma. Tabora haitajwi. Hata hivyo, mwaka 1916, majeshi ya Uingereza na Ubelgiji yaliposonga mbele, Gavana Heinrich Schnee aliendesha serikali yake kutoka mji huo wa Unyanyembe.

Tabora ilikuwa na reli tangu 1912, na pamoja na reli, karakana. Serikali iliyofungiwa njia ya bahari iliishiwa sarafu, hivyo karakana ikageuzwa kiwanda cha fedha. Heli zilitengenezwa kwa shaba ya maganda ya risasi. Sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, Iramba. Hapo ndipo historia hii inapotugusa sisi wa Shinyanga na Geita. Kabla migodi yetu haijavuma, dhahabu ya nyanda hizi za kusini mwa Ziwa Victoria ilikwishalipia gharama za serikali ambayo wachimbaji wake hawakuichagua.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Serikali iliondoka na mihuri yake, reli ikabaki. Kutoka Tabora hiyohiyo njia ya Mwanza ilijengwa kupitia Shinyanga, ikakamilika 1928. Hadhi ya mji mkuu ilidumu miezi michache. Njia ile bado inatumika.

Miaka 100 baadaye, Julai 2016, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma, na sheria ikafuata mwaka 2018. Nasi tulikwishaonja mabadiliko ya aina hiyo mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa na Bukombe ikatoka Shinyanga.

Kusogeza ofisi karibu na wananchi ni jambo jema, lakini ofisi huhama. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayepanga bajeti ya mkoa wenye dhahabu, na mwanaharakati anayeikagua, wanapaswa kuuliza swali moja: ni kiasi gani cha mapato hayo kimegeuzwa kuwa maji, barabara na madarasa, yaani vitu ambavyo serikali haiwezi kuvifungasha siku inapoondoka?