Miaka 60 ya Ingwe: Historia Fupi kwa Mashabiki wa Burumba

Vijana wetu hapa Burumba, mjini Busia, huvaa jezi ya buluu na nyeupe bila kujua ilikotoka, ndiyo maana nimeombwa niandike haya sisi wazee tungali hai. AFC Leopards, ndiyo Ingwe, haikuzaliwa uwanjani. Ilizaliwa katika vyama vya watu wa kwetu waliokwenda Nairobi kutafuta riziki: wa reli, wapishi, madereva, makarani, askari wa usiku.

Kila eneo la nyumbani lilikuwa na chama chake huko mjini, na chama kilikuwa na timu yake ya boli. Wakhayo walikuwa na Bukhayo, Wasamia wakawa na Samia Union, na wengine Marama, Kisa, Bunyore, Tiriki. Jumapili watu walivaa koti moja la heshima wakakutana. Mkutano ulianza na mchango, kwa sababu kila mara kulikuwa na mtu aliyefariki ambaye mwili wake ulipaswa kufika nyumbani. Baada ya hapo ndipo habari za shamba, chai, soga, na mechi.

Marehemu baba, aliyekuwa mpishi, alikuwa mweka hazina wa chama kama hicho. Daftari lake ninalo mpaka leo. Kurasa zake zina safu mbili: kushoto ameandika "mazishi", kulia "viatu vya boli". Mara nyingi pesa za kulia zimekatwa kwa kalamu nyekundu na kuhamishiwa kushoto. Nikilifungua, naona jinsi wale wazee walivyopendana.

Ligi ya taifa ilipoanza 1963, ubingwa ulikwenda kwa Nakuru All Stars, na 1964 ukachukuliwa na Luo Union. Timu zetu ndogo ndogo zilikuwa na wachezaji hodari, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka huohuo wa 1964 zikaungana zikawa Abaluhya. Baba alisema vikao vilikuwa virefu, kila mzee akitaka golikipa atoke kwao, na kulaza jina la timu ya eneo lako ilikuwa kama kumpa jirani ng'ombe wako wa maziwa. Walilaza. Nawashukuru wote, hata wale ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Matunda yalikuja upesi. Tulitwaa ligi 1966 na 1967, kisha 1970 na 1973. Hapa siwezi kupita bila kumtaja Joe Kadenge. Nimewaona wengi waliomfuata, na kwangu hajatokea wa kumfikia. Leonard Mambo Mbotela alipotangaza "Kadenge na mpira", kauli hiyo ilibaki midomoni mwa Kenya nzima. Kwetu Burumba tuliisikia kwenye redio ya amu. Siku ya mechi betri zilianikwa juu ya bati tangu asubuhi zipate joto, na mtoto mmoja aliwekwa kulinda kuku wasizidonoe. Mlinzi huyo nilikuwa mimi. Uwanjani, nyuma ya Kadenge, alisimama Jonathan Niva, beki ambaye 1972 alikwenda na Harambee Stars Kombe la Afrika nchini Kamerun.

Mwaka 1979 tulichukua Kombe la Klabu la Afrika Mashariki na Kati kule Mogadishu kwa kuwafunga Kampala City Council bao 1-0. Sisi wa mpakani tuliuonja ushindi huo kuliko wengine, maana nusu ya marafiki zetu sokoni walitoka ng'ambo, upande wa Uganda. Walitupongeza, nao walitudai soda.

Mwaka 1980 serikali ilitaka vilabu viache majina ya makabila. Herufi A.F.C. zilibaki, maana yake ikawa All Footballers Confederation, na Ingwe, yaani chui, akaingia kwenye jina. Mlango ulikuwa wazi kwa watu wa makabila yote: golini alisimama Mahmoud Abbas wa Mombasa. Mbele walikuwepo Wilberforce Mulamba na J. J. Masiga, daktari wa meno. Kombe la Klabu la Afrika Mashariki na Kati tulilibeba mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Hilo la 1984 lilichezwa Kampala, na katika fainali tuliwafunga mashemeji zetu Gor Mahia 2-1. Mashabiki walipita hapa Busia, isukuti zikilia mpaka kwenye kizuizi. Vijana wa boda boda za baiskeli, kazi iliyozaliwa hapahapa kwetu, waliwavusha wazee na ngoma zao zimefungwa kwenye kerieri.

Ligi tulizotwaa baadaye ni 1980, 1981, 1982, 1986, 1988, 1989, 1992 na 1998. Kombe la Afrika Mashariki na Kati lilirudi 1997. Kisha ilikuja miaka ambayo nyumba ilikosa utulivu, tukacheza ligi ya chini, na 2009 tukarejea ligi kuu. Ngao ya taifa tuliipata 2013, mbele ya Gor Mahia, na tena 2017.

Kadenge alituacha tarehe 7 Julai 2019. Siku hiyo nilitoa daftari la baba, nikageuza mpaka ukurasa mtupu wa mwisho, nikaandika jina lake upande wa kushoto, na shilingi zangu mbele yake.