Wapiga Tarumbeta na Ucheshi Wao

Katika nchi yetu ya Nyanda za Juu za Kusini, tangu Iringa hata Mbeya, watu huipenda sana siku kuu ya kanisa inayoanza kwa sauti ya tarumbeta. Wamama huacha jiko, watoto huacha mbuzi, na hata mzee mwenye maumivu ya magoti hutoka nje kusikiliza. Lakini watu wakiisha kuisifu sauti, huanza kuwasema wapigaji wenyewe. Husema kwamba wapiga tarumbeta ni watu wa mzaha, hawatulii, wanacheka nyuma ya kanisa, wanapeana majina ya ajabu, na mazoezi yao ni nusu muziki na nusu kicheko. Wako wazee wa kanisa wanaoona kwamba watu wa namna hii hawafai kutangulia mbele ya maandamano ya Wakristo. Wengine hujibu kwamba ukiwaondoa wacheshi, watakaobaki hawatoshi hata kubeba ngoma kubwa.

Neno hili si dogo, maana kijana akiondolewa katika bendi kwa sababu ya kucheka, mara nyingi haonekani tena kanisani. Kwa hiyo twaona ni vema kuchunguza ucheshi huu ulitoka wapi, tupate kuamua kwa haki.

Tarumbeta za shaba zilifika kwanza pwani. Huko Unguja, Sultani alikuwa na bendi yake, na wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa. Karibu na Mombasa, wamisionari wa C.M.S. waliweka kijiji cha Freretown katika mwaka 1875, mahali pa kukaa watumwa waliowekwa huru, na vijana wa pale wakafundishwa kupiga tarumbeta. Katika Tanga, kabla ya vita vya 1914, wanafunzi wa shule ya serikali ya Wadachi walikuwa na bendi yao iliyosifiwa sana. Basi vijana wa pwani walioona mambo haya walitaka nao wawe na bendi, na hivyo, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikazaliwa ngoma iliyoitwa beni. Jina hilo ni neno bendi la Kiingereza lililogeuzwa na ulimi wa pwani.

Beni haikuwa ngoma tu, bali ilikuwa chama kizima. Katika Tanganyika vilikuwako vyama viwili vikubwa vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana, watu wa mavazi safi na mwendo wa madaha. Arinoti walikuwa na watu wengi wa bara na wa kazi nzito. Kila chama kilikuwa na vyeo kama vya jeshi na vya serikali. Alikuwako Kingi au Kaisari, walikuwako majenerali, masajini na madaktari, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu ambaye asubuhi alibeba mizigo bandarini, jioni alikuwa Kaisari, na wenziwe wakampigia saluti kwa uso mkavu kabisa. Kisha ziliimbwa nyimbo za kuwasuta wapinzani, na aliyejua kutunga wimbo wa kuchekesha aliheshimiwa kama shujaa. Tazameni basi: tangu mwanzo wake katika nchi hii, bendi ya wenyeji iliambatana na kicheko.

Ni vita iliyoileta beni hata kwetu. Katika Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Unyasa, yakautwaa mji wa Wadachi ulioitwa Neu Langenburg, ambao sasa ni Tukuyu. Katika Julai walipigana Malangali, na mwisho wa Agosti waliingia Iringa. Pande zote mbili zilichukua watu wetu kuwa askari, na zaidi sana kuwa wapagazi. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi katika mvua na matope, wakafa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa kuliko kwa risasi. Jenerali von Lettow-Vorbeck alitoa silaha zake huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, lakini mara ikafuata homa ya mafua iliyoua watu wengi tena katika vijiji vyetu.

Waliorudi nyumbani hawakurudi na mali. Walirudi na makovu, na pamoja na makovu walirudi na beni, waliyojifunza katika kambi kwa askari wa pwani. Baada ya vita ngoma hiyo ilienea karibu kila mji wa Tanganyika. Mtu anaweza kustaajabu, akisema, Je, watu waliotoka katika mauti namna ile walipataje moyo wa kucheza? Nasi twajibu kwamba walicheza kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyepigiwa kelele na sajini miaka miwili, akiamriwa simama na tembea, alipata faraja kubwa kuwa sajini mwenyewe siku ya Jumapili, na kuwaamuru rafiki zake simama na tembea, huku wote wakijua kwamba ni mchezo. Mambo yale yaliyokuwa ya kutisha yaligeuzwa kuwa ya kuchekesha, na kwa kuchekwa yakapoteza sehemu ya uchungu wake.

Wala dawa hiyo haikuwa ngeni kwa watu wetu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali tangu 1878 hata 1882, na damu nyingi ikamwagika. Lakini leo Mhehe na Mngoni wakikutana, hata msibani, hutaniana bila hasira, kwa sababu wamekuwa watani. Mtani aweza kuja kwenye maziko na kufanya vituko mbele ya wafiwa, na hakuna amkemeaye, maana kazi yake ni kuwainua waliozama katika majonzi. Babu zetu walijua kwamba kicheko chaweza kukaa karibu na kaburi bila kulidharau. Basi beni ilipofika bara, iliikuta mila ya utani ikiisubiri, zikashikana mikono kama ndugu.

Lakini tarumbeta la shaba lilikuwa la bei kubwa. Watu wa upande wa ziwa Nyasa walipata shauri. Walichukua vibuyu, wakavitoboa, na juu ya tundu wakabandika utando mwembamba utokao kwa buibui. Mpigaji huguna ndani ya kibuyu, na sauti hutoka ikitetemeka kama ya tarumbeta. Ngoma za namna hii, malipenga katika Unyasa na mganda katika nchi ya Songea, zilikuwa na mistari iliyonyoka, mavazi safi, na maofisa wao kama jeshi. Mgeni asikiaye kwa mbali hudhani bendi ya serikali inakuja. Akikaribia huona vibuyu, hucheka, na wenye vibuyu hucheka kuliko yeye, kwa kuwa wamemdanganya.

Sasa haitupasi kusifu tu. Beni ilikuwa na madhara yake. Watu walitumia fedha nyingi kwa mavazi na karamu ili wapinzani waaibike, na wengine wakaingia katika madeni. Nyimbo za kusuta ziliweza kuvunja urafiki, na ulevi haukukosekana. Wahenga walisema, ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Kwa hiyo wamisionari wengi waliwakataza Wakristo wao kuicheza. Maofisa wa serikali nao waliitazama kwa mashaka, wakihofu kwamba chini ya mchezo kuna siri. Katika mwaka 1935, wachimba migodi wa shaba katika Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya serikali ilikichunguza pia chama cha Mbeni, maana kilikuwa na watu wenye vyeo na wenye kujua kukusanyika kwa utaratibu. Vijana wengi wa Tukuyu walikuwa wakienda kufanya kazi katika migodi ile. Twajifunza hapa kwamba wakubwa walikihofu kicheko cha watu wadogo, kwa kuwa hawakujua kinamcheka nani.

Lakini tarumbeta lilifika kwetu kwa njia ya pili pia, nayo ni njia ya kanisa. Wamoravian walioanza kazi Rungwe katika 1891, na Utengule katika 1895, walitoka katika kanisa lililopenda tarumbeta kwa muda mrefu. Huko Herrnhut katika Ujerumani kikundi cha kwanza cha wapiga tarumbeta kilianza katika 1731. Desturi yao ni kupiga tarumbeta ili kuwatangazia watu kwamba ndugu amefariki, na kupiga tena alfajiri ya Pasaka makaburini, jua linapochomoza, ili kumshangilia Bwana aliyefufuka. Walutheri nao walikuwa na mapenzi hayo. Mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, aliyeishi tangu 1856 hata 1941, aliandika vitabu vya noti kwa namna ambayo wapigaji waweza kutumia sauti zile zile za kitabu cha nyimbo, hata mkulima na fundi viatu wakaweza kujifunza. Watu wakamwita Jenerali wa Tarumbeta. Wasomaji, je, hamwoni ajabu? Vijana wa beni walijiita majenerali, wakachekwa. Na Wadachi kwao wakamwita mchungaji jenerali, nao pia walifanya hivyo kwa mapenzi na mzaha.

Tena kuna habari za Jeshi la Wokovu, ambalo lilianza kazi Tabora katika 1933. Bendi yao ya kwanza ilikuwa ya fundi mjenzi mmoja wa Salisbury katika Uingereza, jina lake Charles Fry, pamoja na wanawe watatu. Katika 1878 wahuni walikuwa wakiwasumbua wahubiri barabarani. Fry na wanawe wakaja na tarumbeta zao ili kuwalinda wahubiri, na watu waliokuja kufanya ghasia wakakaa kusikiliza muziki. Hivi bendi hiyo ilianza kama hila ya kuwashinda wahuni bila kupigana.

Tukiisha kuona asili, na tutazame kazi yenyewe, maana kazi humfinyanga mtu. Asubuhi za Juni katika Njombe na Mbeya baridi huuma. Shaba ikiwa baridi sauti yake hushuka, na mpigaji hana budi kupuliza pumzi ya moto ndani yake kabla ya kuanza. Pumzi hiyo hugeuka maji, nayo lazima yamwagwe; na watazamaji husema ni mate, wakacheka. Midomo ikichoka, sauti hupasuka kama ya jogoo mchanga, tena mbele ya watu wote. Mwimbaji akikosea aweza kujificha katika sauti za wenziwe, bali kosa la tarumbeta husikika ng'ambo ya mto. Na ukitaka kumwangusha mpigaji, simama mbele yake ukaume limau. Kinywa chake kitajaa maji, asiweze kupuliza. Watoto watundu wa nchi nyingi wanaijua hila hiyo. Basi mtu asiyeweza kujicheka mwenyewe hadumu katika bendi hata mwezi mmoja.

Tena kila chombo kina tabia yake, nasi tulio walimu tumeyaona haya mara nyingi. Mwenye tarumbeta la kwanza hutembea kama jogoo, kwa kuwa ndiye abebaye sauti ya wimbo, na wenziwe hawaachi kumkumbusha kwamba jogoo huishia chunguni. Mwenye tarumbeta la bomba la kuvuta na kusukuma hupendwa na watoto, naye husingiziwa kila siku kwamba amempiga mgongoni aliye mbele yake. Mwenye besi hubeba mzigo mzito kuliko wote na kupewa sauti chache kuliko wote. Mtu huyo mara nyingi ni mpole, anena mara moja tu, na neno lake huwaangusha wote kwa kicheko. Mpiga ngoma kubwa haoni njia kwa ukubwa wa ngoma yake, lakini ndiye awaongozaye wote hatua. Wakosapo mmoja tu kati yao, wimbo wachechemea. Utani wao ndio kamba inayowafunga pamoja, maana hawalipwi mshahara, wametoka shambani wamechoka, na nyumbani wake zao wauliza kuni ziko wapi.

Tufanye nini basi? Twaona yafaa kutenganisha vicheko viwili. Kuna kicheko cha kusuta, kinachomvua mwenzio heshima ili wewe uonekane. Hicho ndicho kilichoiharibu beni, na hakifai katika nyumba ya Mungu. Na kuna kicheko cha watani, kinachoshusha majivuno na kumwinua aliyeanguka. Hicho wapagazi wetu walikihitaji baada ya vita, nasi twakihitaji hata leo. Tena tukumbuke Mfalme Daudi alivyocheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Bwana, huku tarumbeta zikilia, na Mikali mkewe akamdharau kutoka dirishani. Maandiko hayamlaumu Daudi kwa furaha yake. Humlaumu yule aliyetazama kwa dharau.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, wapeni vijana wa tarumbeta utaratibu, wafike kwa wakati, wasilewe, wasiwaaibishe wenzao, na ibada inapoanza watulie. Lakini wakiisha kumwaga maji ya tarumbeta zao na kuanza kutaniana chini ya mti, waacheni. Kijana huyo huyo anayewachekesha wenziwe leo, kesho atasimama katika baridi ya alfajiri kaburini pa mama wa mtu, apulize bila malipo mpaka midomo imwume, ili wafiwa wasilie peke yao.