Miaka 31, Halafu Kibao cha L

Kijitabu cha anko wangu kilikuwa chekundu, kimechakaa pembe, kurasa zimejaa stampu. Hiyo ndiyo iliyokuwa DL yetu kabla ya 2017, NTSA ilipoanza kutoa kadi yenye chipu kwa shilingi 3,050. Kwa miaka 31 kilikaa mfukoni mwake akiendesha matajiri wa Spring Valley: asubuhi anateremka Lower Kabete Road hadi Westlands, jioni anarudi, mvua inanyesha, matatu zinamchomekea. Hakuwahi kugonga mtu.

Kisha akahamia Leeds kwa binti yake. Mwaka wa kwanza sheria ya Uingereza ilimruhusu kuendesha gari dogo kwa leseni ya Kenya. Mwaka ulipoisha, akawa mwanafunzi.

"Wameniwekea L, kijana wangu," aliniambia kwa simu. Akacheka, lakini kicheko kikakatika.

Nikajiuliza: nani aliamua leseni ya nani ni leseni?

Uingereza ina orodha ya nchi ambazo mtu akihamia kutoka huko, anabadilishiwa leseni bila mtihani. Australia wamo, Japani wamo, Uswisi wamo. Afrika nzima, ni Afrika Kusini na Zimbabwe tu. Kenya hatumo. Sababu wanayotoa ni viwango vya mtihani. Sawa. Lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Uingereza ilianza kutoa leseni za udereva tarehe 1 Januari 1904, chini ya sheria ya 1903. Ulilipa shilingi 5, ukapewa. Hakuna aliyekuuliza kama unajua breki iko wapi. Mtihani ulikuja kuwa lazima Juni 1935. Hesabu mwenyewe: miaka 31 leseni ilikuwa risiti tu. Ni sawasawa na miaka ambayo anko aliendesha bila ajali.

Katika miaka hiyo hiyo, serikali ya kikoloni hapa Kenya ilikuwa na karatasi nyingine. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akabeba kipande chake ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Mzungu alilipia karatasi ya kumfungulia barabara. Mwafrika alivishwa karatasi ya kumfungia. Kipande kilimfuata hadi 1947. Na kufikia wakati huo, jeshi lilikuwa limefunza Waafrika wengi kuendesha malori ya vita. Barabarani walitosha, ila karatasi zao hazikutosha.

Unaweza kusema: si kuna leseni ya kimataifa? Ipo. Mataifa yalianza kukubaliana kuhusu magari yanayovuka mipaka mjini Paris mwaka 1909, yakarudi huko 1926, yakaendelea Geneva 1949 na Vienna 1968. Shida ni kwamba mikataba hiyo ilimfikiria mgeni: mtu wa kuja, kutembea na kwenda zake. Ukishahamia, kila nchi inaamua yenyewe. Ndiyo maana anko aliaminiwa akiwa mgeni, imani ikaisha alipokuwa mkaazi.

Na tusijidanganye. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Wote tunajua mtu aliyepata DL kwa mlango wa nyuma, na wengi wetu tulifanya mtihani kwa kusukuma kigari cha mchezo kwenye ubao wa mji mdogo. Mwingereza akisita kuipokea kadi yetu, si ukoloni peke yake unaoongea. Lakini anayelipia ni yule aliyejifunza vizuri.

Na watazidi kuwa wengi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira huko Berlin, na madereva watano wa basi kutoka kwetu wakapokelewa Flensburg katika mradi wa majaribio. Tunauza ujuzi nje kabla karatasi zetu hazijakubalika huko.

Anko alipita mtihani wa nadharia, maswali 50, kwa kusoma usiku na mjukuu wake. Wa barabarani alianguka mara ya kwanza. Alifika kwenye raundiabauti akasimama, akasubiri. Gari za nyuma zikapiga honi. Msimamizi akamuuliza anangoja nini. Miaka 31 ya Nairobi ilikuwa imemfundisha kungoja polisi ampungie mkono.

Mara ya pili alipita.

Juzi amepiga simu. Disemba anakuja, na anataka kujiendesha mwenyewe kutoka JKIA hadi Spring Valley, kwa leseni yake ya Kenya. Nikamwambia kile kijitabu chekundu kilipitwa na wakati, itabidi abadilishe apate kadi.

Akanyamaza kidogo.

"Na huko kwenu," akauliza, "pia kuna mtihani?"