Bima ya afya na tiba ya akili mkoani Singida

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianzia Igunga mwaka 1996, mpakani mwa wilaya ya Iramba, Singida. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 ilitoza kaya ya watu sita Sh 30,000 kwa mwaka, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo ndipo penye pengo: mgonjwa wa akili aliyezidiwa hupelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali ya taifa iliyojengwa mwaka 1927, nje ya huduma za CHF.

Kisera, magonjwa ya akili yako kwenye msamaha wa malipo. Lakini dawa zikiisha dirishani, ndugu huandikiwa cheti akanunue duka la dawa, na nauli ni juu yake. Msamaha wa namna hiyo hautoshi.

Kwa uraibu pia, bei si kikwazo pekee. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini inayotolewa bure tangu 2011 ilipoanzia Muhimbili, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa mraibu aliye Manyoni, mkoani Singida, umbali wa kituo ni kikwazo kikubwa kuliko bei.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ili kuziba mapengo haya, kitita chake cha huduma kinapaswa kutaja wazi ushauri nasaha, kulazwa na utengamao.