Kibarua

Asili ya neno "kibarua" si mtu wala kazi, bali ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, akakihifadhi hata jioni, akakirudisha ndipo apokee ujira wake. Na kwa kuwa kikaratasi hicho ndicho kilichokuwa shahidi wa jasho lake, jina likakihama likamwingia mwenye kukishika, nayo sarufi ikaridhia. Ndiyo maana twasema "kibarua amefika", ijapokuwa kazi yenyewe imebaki katika ngeli yake ya kale, kama tumsikitikiapo aliyeachishwa kwamba kibarua chake kimeota nyasi.

Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na baadaye gati za Kilindini, Mdigo wa Likoni, Mgiriama, Mtaita, Mkamba, Mjaluo na Mkikuyu walikutana kazini, wakaitwa kwa jina hilo moja la kibarua, wakafahamiana kwa Kiswahili. Hata ulipozuka mgomo mkuu wa Mombasa tarehe 13 Januari 1947, watu takriban 15,000 waliweka kazi chini, na shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa humo, likiongozwa na Chege Kibachia, likadai haki ya wote pasina kubagua kabila.

Basi tusilidharau neno hili. Kabla ya bendera wala wimbo wa taifa, walikuwako walioamka alfajiri huko Changamwe na Kisauni, Mombasa, kwenda kutafuta riziki, na katika unyonge wao wa pamoja wakaanza kujijua kuwa umma mmoja.