Mti mkongwe uani: Uchunguze kabla ya masika

Masika ya Machi hadi Mei yanapokaribia, wenye nyumba wengi humkodi mtu wa msumeno aukate kilele mwembe au mjakaranda mkongwe uliolielemea paa, wakidhani kwamba mti mfupi hauanguki. Dhana hiyo inapotosha. Mti uliokatwa kilele huchipuza matawi mengi yaliyojishikiza juujuu tu, ilhali jeraha lake hupenya maji na kuoza. Miaka michache baadaye, upepo mkali huyang'oa matawi hayo kwa wepesi.

Afadhali mizizi ichunguzwe kwanza. Mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi na kuenea kupita kivuli cha mti. Aliyechimba msingi wa ukuta au shimo la choo karibu na shina huenda alikata mizizi iliyoushikilia mti, asijue. Iwapo uyoga umeota shinani, ardhi imepasuka upande mmoja au mti umeanza kuinama ghafla, usilaze watoto chumba cha upande huo, mwite mtaalamu.

Matawi makavu yaondolewe Januari au Februari. Tawi zito hukatwa kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, kisha kwa juu, ili lisichune gome linapoanguka. Kigutu kinachosalia hukatwa karibu na kivimbe kilichopo tawi linapoungana na shina, bila kukijeruhi, kwani hapo ndipo kidonda huzibia. Kupaka rangi au lami, jinsi wengi tulivyozoea, hakusaidii. Matawi yanayogusa nyaya za umeme waachie mafundi wa kampuni ya umeme.